Kwa vikundi vya soul vinavyotaka kurekodi nyimbo za Broadway

Wadogo zangu, nimefundisha vikundi vya sauti muda mrefu, na ombi moja hurudi mara kwa mara: tunaimba soul, ule muziki wa Wamarekani Weusi, sasa tunataka albamu ya nyimbo za Broadway, yaani za maonyesho ya jukwaani ya New York. Ombi hili hunifurahisha sana. Kabla hatujagusa piano nawauliza: kwenye mchezo wenyewe, wimbo huu anauimba nani, anamwimbia nani, na kumetokea nini hadi akauimba? Kikundi kisichojua majibu kisiende studio kwanza.

Chukueni "My Funny Valentine". Wengi huuimba kama wimbo wa Sikukuu ya Wapendanao. Richard Rodgers na Lorenz Hart waliutunga kwa ajili ya "Babes in Arms", mchezo wa mwaka 1937, na humo Valentine ni jina la kijana. Msichana aitwaye Billie anamtajia kasoro zake moja baada ya nyingine, kisha anamwomba asibadilike hata kidogo. Ukishalijua hilo, huwezi tena kuuimba kwa kilio. Una utani ndani yake, wa mtu aliyependa kweli. Billie huyohuyo ndiye anayeimba "The Lady Is a Tramp", ambamo anajivunia kutofuata maringo ya watu wa tabaka la juu. Anayetaka kuzirekodi zote mbili amjue Billie kwanza. Na chunguzeni asili ya kila wimbo, kwa sababu "Blue Moon", kazi ya watunzi haohao, haukutoka jukwaani kabisa ingawa huwekwa pamoja na hizi.

Nyimbo zote tatu zimo kwenye santuri ninayowapa wanafunzi wangu waisikilize kabla ya nyingine: "The Supremes Sing Rodgers & Hart", iliyotolewa na Motown, kampuni ya muziki ya Detroit, mwaka 1967. Waimbaji wa The Supremes, Diana Ross, Mary Wilson na Florence Ballard, walikuwa tayari malkia wa redio Marekani. Berry Gordy, mwenye kampuni, alitaka wakubalike pia kwenye kumbi za watu wazima wanaokula huku wakitazama onyesho, na mwaka 1965 walikwishaimba kwenye ukumbi wa namna hiyo, Copacabana, New York. Wapo wanaosema kuimba nyimbo kama hizi kulikuwa kuukimbia muziki wao. Sikubaliani nao hata kidogo. Mabinti watatu Weusi kutoka nyumba za serikali za Detroit waliziimba kazi hizo wakiwa na haki nazo kama mwimbaji mwingine yeyote, na wakaziimba kwa nidhamu. Kazi hiyo iliongozwa na Gordy pamoja na Gil Askey, mpiga tarumbeta na mpangaji wa muziki aliyezijua sauti zao kutoka jukwaani. Nanyi mtafuteni mtu wa namna hiyo, anayezijua sauti zenu, hata kama hana jina kubwa.

Sasa ugumu wenyewe. Kwenye soul, kodi mbili tatu, yaani mafungu ya noti zinazopigwa pamoja, zinaweza kuzunguka wimbo mzima. Waitikiaji wanashika "uuu" moja, kiongozi anapanda na kushuka apendavyo. Rodgers haachi nafasi hiyo. Kodi zake hubadilika upesi, wakati mwingine mara mbili ndani ya kipimo kimoja, yaani fungu moja dogo la mapigo, na noti iliyokuwa tamu sekunde moja iliyopita inagongana na kodi inayofuata. Hapa ndipo vikundi vizuri huaibika. Dawa ni kuwafundisha waitikiaji peke yao, kiongozi akiwa amenyamaza, kwa piano tu na kwa mwendo wa polepole, hadi kila mmoja ajue noti yake inahamia wapi na kwa nini. Msiongeze ngoma kabla ya hapo. Ngoma hufunika makosa, kisha studio huyafunua.

Kiongozi naye ana adhabu yake: aimbe melodia kama ilivyoandikwa, bila pambo hata moja, hadi aichoke. Nyimbo nyingi za aina hii zina vipimo 32, sehemu nne za vipimo vinane, na ya tatu ndiyo inayotofautiana na zenzake. Mimi humkataza kiongozi kukunja sauti mpaka sehemu ya mwisho. Msikilizaji akishaizoea melodia, pambo dogo la soul humgusa sana. Ukipamba tangu mwanzo, hana cha kulinganisha nacho.

Maneno ya Hart yana vina vilivyobanana, na neno moja likipotea mzaha wote umepotea. Konsonanti za mwisho ziamuliwe mazoezini. Neno likiishia na "s", mtu mmoja aitamke, wengine waache vokali tu, la sivyo kipaza sauti kitanasa mluzi wa nyoka watatu. Pumzi vivyo hivyo: wekeni alama za kuvuta pumzi kwenye karatasi, wote mahali pamoja.

Ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo utaimbwa, uchagueni kwa kuangalia noti ya chini kabisa ya kiongozi, kwa sababu hadithi husimuliwa huko chini. Na kiongozi asiwe mmoja siku zote. The Temptations, kikundi cha wanaume cha Motown, walipotoa albamu ya "In a Mellow Mood" mwaka huohuo wa 1967, wimbo wa "Ol' Man River" waliukabidhi kwa besi wao, mwenye sauti ya chini kabisa, Melvin Franklin. Kwenye "Show Boat", mchezo wa mwaka 1927, anayeuimba ni Joe, kibarua Mweusi wa kupakia mizigo kando ya mto Mississippi, na sauti yake ni ya chini. Besi ambaye kila siku hukaa nyuma alisogezwa mbele kwa sababu wimbo ulikuwa wake.

Kuhusu haki: kwa Marekani, wimbo uliokwisha kurekodiwa na kutolewa unaweza kuurekodi upya kwa leseni na malipo, lakini leseni hiyo haikupi ruhusa ya kubadili melodia ya msingi. Ukitaka kubadili maneno, omba ruhusa kwa wenye haki. Nyimbo zilizochapishwa huko mwaka 1927 ziliingia kwenye mali ya umma Januari 2023, lakini rekodi za 1967 bado zinalindwa, kwa hiyo msichukue kipande chochote cha sauti zao. Nchi nyingine zina sheria zake, ulizeni ofisi ya hakimiliki ya kwenu.

Rekodini nyimbo nyingi kuliko mtakazotoa. Santuri ile ya The Supremes ilitoka na 12, na nyingine walizorekodi kipindi hicho zilikaa kabatini miaka mingi kabla ya kutolewa.