MUULIZE MAMA FUNDI: Zigo hili halitanivunjia madabodi?

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Nahariri video za harusi hapa Tanga, kompyuta ya mezani, prosesa (ubongo wake) ni Ryzen 7 5800X. Nikianza kutoa video nzima iliyokamilika, joto linagonga nyuzi 90 na feni inalia kama mashine ya kusaga. Kaka yangu aliye Muscat kaniletea hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya Noctua NH-D15. Kuitoa kwenye boksi, ni zigo! Naogopa itavunja madabodi, ule ubao mkuu unaobeba prosesa. Niifungeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nyuzi 90 ndiyo kikomo walichoiwekea AMD, watengenezaji wake, prosesa hiyo. Ikifika hapo inajipunguza kasi, ndiyo maana bwana harusi anasubiri video yake.

Zigo lako na feni zake mbili ni kilo 1.32, ila linabebwa na bamba la chuma lililo nyuma ya madabodi. Kwanza chukua rula: linasimama milimita 165, na kesi (makasha ya kompyuta) nyingi nyembamba hazifungiki. Ramu nazo (vile vibao vya kumbukumbu), zilizo chini ya feni ya mbele zisizidi milimita 32. Zikizidi, iache feni hiyo. Ya katikati inatosha.

Mimi kufunga hakunitishi. Kunanitisha kufungua ile ya zamani. Prosesa yako ina pini 1,331 tumboni, na pesti, ile dawa ya kupitisha joto iliyo kati yake na hitisinki, ikikauka ni gundi. Ukivuta hitisinki kwenda juu, prosesa inang'oka nayo hata kama soketi (kikalio chake) imefungwa. Yalinikuta nikiwa mgeni kwenye ufundi: nilivuta, nikasikia "tak!", prosesa hiyo inaning'inia, pini nne zimelala. Nilizinyoosha kwa wembe jioni nzima, mwenye mashine kakaa kwenye benchi ananitazama mikono. Basi wewe washa kwanza, toa video dakika kumi ili pesti ilainike, zima, chomoa umeme. Kisha zungusha hitisinki ya zamani kushoto na kulia, kidogo kidogo, mpaka uisikie imeachia.

Ukifungua skrubu nne za vile vishikizo vya plastiki vilivyo kando ya prosesa, bamba la nyuma litaanguka, kwa sababu ndizo zilizolishika. Tanguliza kidole nyuma. Na usilitupe, Noctua wanalitumia hilohilo.

Futa pesti kuukuu kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Vua kifuniko cha plastiki kilicho chini ya hitisinki (usicheke, wapo waliokisahau). Vua feni ya katikati ili bisibisi ndefu iliyomo kwenye boksi ipite, kaza skrubu mbili kwa zamu, mizunguko michache huku, michache kule, mpaka zigome zenyewe. Rudisha feni, waya uende palipoandikwa CPU_FAN.

Siku ukiipandisha kompyuta kwenye bajaji, ilaze ubavu, hitisinki itazame juu. Ikisimama wima, kila shimo la barabara litakuwa linavuta ile kilo na ushei.