Paspoti ya babu ya enzi za Sultani: achana na jalada, fungua ndani

Ndugu yangu, umeuliza kama paspoti ya marehemu babu yako, iliyotolewa hapa Unguja, ina thamani kweli au yule muuza vitu vya kale wa mtaa wa Gizenga, Mji Mkongwe, anakupiga Kiswahili tu. Mimi ni mkusanyaji wa hizi karatasi, na jalada huwa silishughulikii sana.

Anza na ada. Ikiwa ni rupia, basi ni ya kabla ya 1936, maana mwaka huo ndipo tulipoingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Mtu akikuapia kuwa ni ya 1928 na stempu ya ada inasema shilingi, mwache anywe kahawa yake.

Halafu soma hadhi ya mwenyewe. Zanzibar ilikuwa nchi ya himaya tangu 1890, si koloni. Kwa hiyo raia wa Sultani aliandikwa mtu aliye chini ya hifadhi ya Uingereza, hakuwa raia wao.

Zinazogombaniwa hasa ni za baina ya uhuru wa 10 Desemba 1963 na Muungano wa 26 Aprili 1964. Miezi minne na nusu, na Mapinduzi yamo humo humo! Wenzetu wa stempu za posta wana nafuu, zile zilizogongwa JAMHURI 1964 juu ya sura ya Sultani bado zinapatikana. Paspoti ya miezi ile nikiletewa, natia shaka kwanza, furaha baadaye.

Picha ndiyo inayoumbua. Muhuri hukaa nusu kwenye picha, nusu kwenye karatasi. Ninayo moja ya mzee wa Wete, kavaa kofia ya viua, kakunja uso kama kaitwa barazani kwa Mudiri, yule afisa wa serikali wa eneo. Ukifuata duara la muhuri kwa kioo cha kukuzia, linavuka ukingo wa picha bila kukatika wala kubadilika wino. Picha iliyobandikwa upya haiwezi kufanya hivyo. Kurasa za nyuma zina mihuri ya Mombasa na Aden, na hizo kwangu ndizo tamu kuliko zote.

Kuuza ni hiari yako, mimi nisingeuza. Ukiamua, piga picha kila ukurasa kwanza, hata zile tupu, na upite Nyaraka za Taifa pale Kilimani waione. Ukurasa wowote uliochanika uache hivyo hivyo, usitie selotepu: inageuka manjano na gundi yake haitoki tena.