Usiulize bichi gani nzuri, uliza mwezi gani na saa ngapi

Kila nikirudi safari ya visiwani watu wananiuliza bichi ipi nzuri kuliko zote, na mimi nawauliza kwanza, unaenda mwezi gani? Wengine wanaona kama nakwepa swali lakini hilo ndo jibu lenyewe. Bichi moja inaweza kuwa pepo mwezi wa pili halafu mwezi wa saba ukaikuta imechafuka, mawimbi yanakuvunjikia miguuni, mchanga unakupiga usoni na bendera nyekundu ya kukataza kuoga imesimikwa pale mbele. Na wala haijaharibika, upepo tu umegeuka.

Kwahiyo kabla hujaangalia hoteli, kabla hujaangalia hata picha, angalia upepo unatoka wapi kwa mwezi unaoenda. Visiwa vingi vya tropiki vina upepo wa msimu unaojulikana kabisa, wavuvi wanaujua na marubani wanaujua, sisi wasafiri tu ndo tunafika kichwa kichwa. Karibi unatoka mashariki karibu mwaka mzima, ndo maana Barbados upande wa magharibi maji yametulia unaweza kuelea mgongo ukasinzia, ila ukivuka upande wa pili pale Bathsheba unaikuta Atlantiki inakuja na nguvu zake zote. Pazuri mno kupaangalia, watu wa kuteleza na mawimbi wanapapenda, kuogelea hapana. Mauritius nako upepo wa kusini mashariki unakaza kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa hivi, kipindi hicho Belle Mare ya mashariki inavumiwa kutwa nzima wakati Flic en Flac ya magharibi imetulia kabisa, na kisiwa chenyewe sio kikubwa kwahiyo hata ukiwa umelala upande wa upepo unaweza ukachukua gari asubuhi ukaenda kuoga upande wa pili.

Ushelisheli ndo somo zuri kuliko yote kwa sababu upepo unageuka kabisa. Mwezi wa tano hadi wa tisa unatoka kusini mashariki, basi Anse Lazio kule Praslin ambayo imeangalia kaskazini magharibi inakuwa safi, na Grand Anse ya La Digue ambayo inaupokea ule upepo uso kwa uso inakuwa na mikondo ya hatari mpaka vibao vya onyo vimewekwa. Ukija mwezi wa kwanza upepo umeshahamia kaskazini magharibi, na sasa Anse Lazio ndo inapata mawimbi. Mtu mmoja ataandika Anse Lazio ni bichi namba moja duniani na mwingine ataandika hapaogeleki pale, na wote wawili wanasema ukweli! Ndo maana mimi komenti za watalii sizisomi bila kuangalia tarehe. Naangalia nani alikuwepo mwezi uleule ninaoenda mimi, wengine wote nawaruka.

Sri Lanka vilevile, Mirissa na Unawatuna huko kusini magharibi ni za mwezi wa kumi na mbili mpaka wa tatu, na Trincomalee na Arugam Bay upande wa mashariki ni za mwezi wa tano mpaka wa tisa. Thailand, Phuket inapata bendera nyekundu nyingi kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi, wakati Koh Samui ambayo iko bahari ya upande wa pili inanyeshewa zaidi kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na mbili. Hawaii ni mawimbi zaidi kuliko mvua, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu wakati wa baridi ya huko, mwezi wa kumi na moja mpaka wa pili hivi, inapokea mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za mbali kaskazini mwa Pasifiki, wakati mwingine yanapita mita 9, halafu ukienda mwezi wa saba Waimea Bay ileile imelala watoto wanaruka kutoka kwenye jiwe.

Upepo ukishaujua, njoo kwenye maji kujaa na kupwa. Hapa ndo naona watu wengi wanaumia kwa sababu hakuna anayewaambia. Karibi sehemu nyingi bahari haipandi wala kushuka hata mita 1, kwahiyo mtu aliyezoea huko hana hata wazo la kuuliza. Zanzibar siku za bamvua, yaani zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa inafika kama mita 4. Sasa upande wa mashariki, Paje na Jambiani, sakafu ya bahari ni tambarare, maji yakipwa yanaondoka yanaenda mbali mpaka huko karibu na mwamba wa matumbawe. Nimesimama pale asubuhi moja saa nne hivi, mashua zimelala ubavu mchangani kamba za nanga zimelegea, vidimbwi vina maji ya uvuguvugu na samaki wadogo wamebaki ndani wanahangaika, na kina mama wanaolima mwani wameinama kwenye mistari yao wanafanya kazi mahali ambapo masaa sita kabla ungezama. Mimi niliiona ni moja ya asubuhi nzuri sana nilizowahi kupata ufukweni. Pembeni yangu kulikuwa na wageni wawili wamekasirika kweli, picha ya hoteli yao ilionyesha maji ya bluu yanagusa ngazi, wakawa wanauliza bahari iko wapi. Ile picha haikuwa ya uongo, ilipigwa saa kumi jioni maji yamejaa!

Ukitaka kuogelea saa yoyote bila kuangalia saa, kisiwa hichohicho kina Nungwi na Kendwa kaskazini ambako ufukwe unashuka haraka na maji hayaendi mbali. Ukitaka kutembea, kuokota kwa macho tu (makombe yaache yalipo), kucheza na watoto kwenye vidimbwi, au kurusha kaiti, basi mashariki. Nauliza kwanza mtu anataka nini ndo namwambia aende wapi.

Na hii hesabu ya maji ni nyepesi, usiogope. Sehemu nyingi yanajaa mara 2 na kupwa mara 2 kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Maana yake leo yakijaa saa sita mchana, baada ya wiki saa sita mchana yatakuwa yamepwa. Kwahiyo unaweza kukaa bichi moja siku tatu ukasema hapaogeleki hapa, na mwenzako akaja wiki inayofuata akakuta maji tele saa za mchana. Jedwali la maji lipo bure mtandaoni kwa karibu kila bandari duniani, mimi nalifungua kabla sijalipia tiketi ya ndege na tarehe nazisogeza nikiweza. Ukishindwa kabisa angalia mwezi tu, siku za katikati mwezi ukiwa nusu maji yanakuwa mafu, hayajai sana wala hayapwi sana, na bichi za tambarare zinakuwa na unafuu.

Kitu kingine nakipenda sana ni ramani ya satelaiti. Fungua, vuta karibu, tafuta mstari mweupe wa povu ulio mbali na ufukwe. Huo ni mwamba unayavunja mawimbi huko nje, na maji yaliyo ndani yake ndo yale ya kijani yaliyotulia. Kama hakuna mstari na povu linafika mpaka mchangani, ujue hapo bahari iko wazi. Gris Gris kusini mwa Mauritius ndo hivyo, kisiwa karibu chote kimezungukwa na mwamba ila pale umekatika, mawimbi yanakuja moja kwa moja yanapiga magenge na kuoga kumekatazwa. Halafu tafuta boti. Boti ndogo zikitia nanga nyingi mahali pamoja, wenye kisiwa wanayaamini maji ya hapo. Mabaka meusi chini ya maji ni majani ya bahari au matumbawe, pazuri kwa kutazama samaki kwa miwani, ila kwa mtoto anayejifunza kuogelea tafuta pale palipo na rangi moja ya mchanga mtupu.

Sasa nisikilizeni hapa kwa makini hasa mnaosafiri na watoto. Mwamba una milango, yaani sehemu ulipokatika. Maji yote yanayoingia juu ya mwamba lazima yatoke na yanatokea mlangoni, tena kwa kasi, hata kama ndani panaonekana pametulia kabisa. Usiogelee karibu na mlango wakati maji yanapwa. Na kwenye bichi zilizo wazi, ile sehemu katikati ya mawimbi ambayo haina povu, imetulia na ina rangi nzito, inayomvutia mtu kuingilia hapo, mara nyingi ndo mkondo wenyewe unaorudi baharini. Ukibebwa usipigane nao kurudi moja kwa moja ufukweni, utachoka na kuchoka ndo kunakoua watu. Elea, pumua, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ndo urudi, na kama huwezi basi elea tu upunge mkono. Mimi nikiwa na wanangu bichi isiyo na mwokoaji wala mwenyeji anayeoga siwaingizi kwenye maji zaidi ya magotini, hata kama ni nzuri vipi.

Mchanga kwa upande wangu sio jambo kubwa sana. Mweupe unatokana na matumbawe na makombe yaliyosagika, na sehemu nzuri ya mchanga huo umepita tumboni mwa pono, wanaguguna matumbawe na kutoa mchanga. Mweusi ni wa volkano kama ule wa Punaluʻu kule Hawaii, unapendeza sana ila mchana unachoma, vaa ndala.

Kivuli ndo watu wanakisahau. Picha ya droni inaonyesha mchanga mweupe mtupu na wewe unaona uzuri, mimi naona jua la saa saba bila mti hata mmoja na mtoto anayelia. Tafuta bichi yenye mivinje au mikungu iliyoinamia ufukweni, minazi inapendeza kwa picha ila kivuli chake chembamba na usikae chini ya nazi. Karibi kuna mti mmoja unaitwa manchineel, unaota ufukweni kabisa, matunda yake kama tufaha dogo la kijani na ni sumu, utomvu wake unababua ngozi na hata mvua ikikudondokea kutoka kwenye majani yake unapata malengelenge. Visiwa vingine wameupaka alama nyekundu kwenye shina. Usijikinge mvua chini yake.

Kwa wanaoenda Karibi kuna na huu mwani wa kahawia unaoelea, sargassum, tangu mwaka 2011 umekuwa ukija kwa wingi hasa kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane hivi, unarundikana ufukweni na ukioza unanuka mayai viza. Mara nyingi unapiga pande zinazoangalia Atlantiki, kwahiyo tena tunarudi kwenye upande wa kisiwa. Chuo Kikuu cha South Florida wanatoa taarifa kila mwezi kwa kutumia picha za satelaiti, zisome kabla ya kulipia.

Kuhusu bichi maarufu sana, sisemi usiende. Lakini angalia kama bado ni kile ulichokiona kwenye picha. Maya Bay ya Thailand ilifungwa mwaka 2018 kwa sababu matumbawe yalikuwa yameumia, ikafunguliwa tena mwaka 2022 na boti haziruhusiwi tena kuingia ndani ya ghuba. Boracay ya Ufilipino ilifungwa miezi 6 mwaka huohuo wa 2018 kusafishwa. Nafurahi sana walifanya hivyo, natamani na wengine wangethubutu. Ukienda sehemu kama hizo fika asubuhi na mapema, meli za watalii wa siku moja zinamwaga watu kuanzia saa nne.

Na usilipie hoteli ya ufukweni kwa kuogopa kukosa bahari. Barbados na Hawaii bichi karibu zote ni za umma, mtu yeyote anaingia, kwahiyo unaweza kulala ndani kidogo kwa bei nafuu na kila siku ukachagua upande kulingana na upepo ulivyoamka. Kwangu hiyo ni bora mara mia kuliko kufungwa bichi moja wiki nzima.

Nikishapata mahali nawaandikia wenyeji wa nyumba ya wageni maswali manne tu: mwezi huo upepo unatoka wapi, maji yakipwa naogelea wapi, watoto wa hapo wanaoga sehemu gani, na naomba picha ya ufukwe ya leo asubuhi, sio ya kwenye tovuti. Hilo la watoto ndo muhimu kuliko yote kwa sababu watoto wa pwani hawaogi mahali pabaya. Anayejibu yote na kutuma picha, hata kama picha yenyewe ina mwani na mawingu, kwake ndo naweka nafasi.