Usifute safari ya meli kabla kampuni haijaifuta yenyewe

Dada, huyo wakala aliyekuuzia safari akipiga Ijumaa usipokee. Salamu zitakuja baadaye.

Tuko Aprili 2021, korona bado imesimamisha meli nyingi. Umesema umewakatia wazee wako safari ya meli ya kitalii kutoka Southampton kwenda Norway mwishoni mwa mwezi wa saba, umeshatoa advansi, salio linadaiwa mwisho wa mwezi huu, na wakala amekushauri uifute mapema uchukue vocha ya asilimia 125 ya ulicholipa "kabla foleni haijawa ndefu". Unauliza uichukue vocha au uiache, wazee wangoje chanjo ya pili ya korona au la, na kama safari za kuzunguka Uingereza tu zina maana yoyote. Mimi nilipofika kwenye neno "uifute" damu ilinichemka. Maneno ya foleni niliambiwa hayohayo, kwa sauti ileile ya upole, Machi mwaka jana.

Usifute. Mwenye meli ndiye afute. Hata kama umeshaamua moyoni kwamba wazee hawaendi, hata kama una uhakika meli haing'oi nanga, kaa kimya mpaka kampuni itangaze yenyewe.

Nikueleze kwa nini nasema kwa ukali hivi.

Mwaka jana tulilipia safari ya Norway ya mwisho wa Aprili 2020, mimi, mke wangu na mama. Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na viza ya Schengen alikuwa ameisotea Dar kabla hajapanda ndege. Mtakaosema meli za nini wakati boti ya Unguja ipo, nawasikia. Mama mwenyewe alisema hivyohivyo, mpaka alipoonyeshwa picha za zile ghuba nyembamba, maji yameingia katikati ya milima yenye theluji, akauliza kama watu wa huko wanavua samaki au wanatazama tu. Toka siku hiyo akaanza kununua soksi. Fedha zote zilikuwa zimeshalipwa, zaidi ya pauni 3,000, kwa sababu salio hudaiwa miezi mitatu hivi kabla ya safari.

Ilipofika mwanzoni mwa Machi kila mtu alikuwa na hofu. Meli ya kitalii Diamond Princess ilikuwa imewekwa karantini Yokohama, Japani, Februari na watu zaidi ya 700 wakakutwa na virusi. Ndipo wakala akanipigia. Nilikuwa nimekaa kwenye gari, maegesho ya kazini, mkate mkononi. Akanieleza kwamba adhabu ya kufuta hupanda kwa ngazi: ukiwa mbali na tarehe ya kuondoka unapoteza advansi tu, ukikaribia unapoteza nusu, ukikaribia zaidi zinaenda zote. Hilo ni kweli, ndivyo masharti yalivyo. Akasema, "Leo bado uko kwenye nusu. Ukingoja wiki mbili unaingia kwenye zote, na meli itaondoka bila ninyi." Halafu akauliza, "Nikufutie sasa hivi ukiwa hewani?" Nikasema ndiyo. Sijakata simu, barua pepe ikaingia. Mstari wa pili umeandikwa: safari imefutwa kwa ombi la mteja.

Katikati ya Machi kampuni karibu zote za meli zikasimamisha safari. Ya kwetu ikawamo. Ambao walikuwa hawajafuta wakapewa kuchagua: fedha yote irudi, au vocha ya asilimia 125. Kuna familia tunayofahamiana nayo ilikuwa imekata meli ileile, tarehe ileile, kwa wakala yuleyule. Wao simu yake hawakuipokea kwa sababu walikuwa Nairobi msibani. Walirudishiwa kila peni.

Sisi tukaanza kuzunguka na ile barua pepe. Kampuni ya meli: "Wewe si abiria wetu tena, ulifuta mwenyewe, zungumza na wakala." Wakala: "Mimi nafuata masharti ya kampuni." Bima: "Mtu aliyeamua kutosafiri kwa hofu hatumlipi, tunamlipa aliyezuiwa." Nikasema basi nina silaha ya mwisho, kadi ya mkopo, maana hapa Uingereza kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya watumiaji ya mwaka 1974 kinaifanya benki iwajibike pamoja na muuzaji kwa kitu cha bei ya zaidi ya pauni 100 mpaka 30,000. Benki wakaniomba nyaraka. Nikatuma. Jibu lao lilikuwa fupi: kifungu hicho kinafanya kazi pale muuzaji anapovunja mkataba, na hapa aliyevunja mkataba ni mteja. Wakanukuu ule mstari wa pili wa barua pepe.

Mnaona ilivyo? Kila mlango niliougonga, mtu wa ndani alinisomea sentensi ileile, na sentensi hiyo aliiandika wakala kwa mkono wake wakati mimi nimeshika mkate.

Ile nusu iliyobaki nayo haikuja kama fedha. Ilikuja kama vocha, tena vocha ya wakala, ya kutumia kwake tu, baada ya kukata "ada ya usumbufu". Na ilitolewa tatu, kila moja na jina la msafiri wake. Ya mama ina jina la mama. Mama yuko Tanga, viza imekwisha, na chini ya vocha imeandikwa kwamba haihamishiki. Nilipouliza kama naweza kuitumia mimi, yule yule aliyenipigia kwa upole akanijibu kwamba angependa sana kusaidia ila mfumo hauruhusu.

Nina hasira na huyo mtu mpaka leo, na nitaeleza hesabu yake ili umjue wa kwako. Wakala anaishi kwa kamisheni. Kampuni ikifuta safari na fedha ikarudi kwako, kamisheni yake inayeyuka na wewe unaweza usirudi kwake tena. Ukifuta wewe ukapokea vocha, fedha inabaki ndani ya nyumba. Kwa hiyo anayekupigia kwa haraka, anayekuwekea siku ya mwisho, anayekwambia foleni itakuwa ndefu, ana sababu yake ya kuharakisha. Wapo mawakala waungwana, na mwaka jana wapo waliokesha wakipigania fedha za wateja wao huku wenyewe hawalipwi. Hao huwajui kwa kupigiwa simu ya "nikufutie sasa hivi".

Sasa turudi kwenye ya kwako, dada. Sheria ya safari za vifurushi (usafiri na malazi vikiuzwa pamoja) ya mwaka 2018 inasema mwandaaji akifuta safari anatakiwa akurudishie fedha ndani ya siku 14. Vocha anaweza kukuomba uichukue, kukulazimisha hawezi. Mamlaka ya ushindani ya hapa, CMA, iliziandikia kampuni nyingi mwaka jana kuzikumbusha hilo. Haki hiyo inazaliwa siku wanapofuta wao. Ukiwatangulia hata kwa saa moja, unaangukia kwenye ngazi za adhabu.

Na tazama dalili zenyewe. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoa ushauri wa kutosafiri kwa meli za kitalii tangu Julai 9 mwaka jana na mpaka Aprili hii ya 2021 haijauondoa. Norway mipaka kwa sasa, Aprili 2021, imefungwa kwa watalii. Ripoti ya kikosi kazi cha serikali iliyotoka Aprili 9 inasema safari za nje za matembezi haziwezi kuanza kabla ya Mei 17, na hata hapo itategemea nchi na nchi. Wakati huohuo kampuni zimeanza kutangaza safari za kiangazi hiki cha 2021 za kuzunguka pwani ya Uingereza bila kwenda nje: MSC Virtuosa Mei 20, P&O wameiweka Britannia kuanzia Juni 27 na Iona kuanzia Agosti, Princess nao wamo. Fungua orodha hizo leo jioni utafute jina la meli ya wazee. Ukilikuta, na tarehe zinagongana, basi Norway imeshakufa, bado kutangazwa tu, kwa sababu meli moja haiwezi kuwa Bergen kule Norway na Southampton siku hiyohiyo. Hapo unachongoja ni barua.

Salio la mwisho wa mwezi ndilo jambo gumu, na hapa uwe makini. Usilipe mapema hata siku moja. Piga kampuni ya meli moja kwa moja, omba wakusogezee tarehe ya salio. Kampuni kadhaa zimekuwa zikisogeza zenyewe kwa sababu zinajua watu hawataki kuweka fedha kwenye safari ya mashaka. Wakikataa, na umejiridhisha kwamba safari itafutwa, lipa kwa kadi ya mkopo, na malipo yaende kwa kampuni ya meli yenyewe, maana fedha ikipitia kwa wakala benki inaweza kudai kwamba uhusiano wa moja kwa moja haupo, kile kifungu cha 75 kikakwama. Kwa kuhamisha kutoka akaunti kwenda akaunti usilipe kabisa, hata akikupunguzia bei. Cruise & Maritime Voyages ilifilisika Julai 20 mwaka jana, kampuni yenye meli na wateja wa miaka mingi, na waliokuwa na safari wakaelekezwa kudai kupitia dhamana ya ABTA, chama cha mawakala na kampuni za safari cha Uingereza. Kwa hiyo angalia pia kama kampuni yako imo ABTA, na kama kuna ndege ndani ya kifurushi, ATOL, yaani dhamana ya safari zenye ndege.

Usikubali pia neno "tukusogezee tu mwaka kesho". Mwanzoni nilidhani kusogeza ni njia ya katikati. Kusogeza ni kufuta kulikovaa kanzu. Siku kampuni itakapoifuta ile ya Julai 2021, wewe hutakuwa abiria wa Julai 2021, na huwadai kitu.

Na hiyo asilimia 125 isikulevye. Ukiwa umelipa advansi ya pauni 400 watakupa karatasi ya 500. Ile 100 ya juu si fedha, ukija kudai urudishiwe itaondoka kwanza. Hata hizo 400 zimeshageuka kuwa kitu cha kutumia kwa kampuni ileile, kabla ya tarehe fulani, kwa bei watakayoipanga wao. Soma tarehe, soma jina lililoandikwa, soma kama inahamishika. Wazee wana umri, afya ya mwaka kesho anaijua Mungu. Fedha inaweza kuwa tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani. Vocha ya meli itabaki vocha ya meli.

Ndugu wa Texas aliyesema hapo juu kwamba mwenzetu aachane na Uingereza akate ya Alaska: usimpoteze. Meli kubwa hazitoki bandari za Marekani mpaka sasa, Aprili 2021. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, waliondoa katazo Oktoba 30 mwaka jana wakaweka masharti, kuna safari za majaribio za watu wa kujitolea na vyeti vya kupata kwanza. Alaska ndiyo kabisa, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inaitaka meli yenye bendera ya nje itie nanga nchi nyingine njiani, na Kanada ilitangaza Februari 4 kwamba bandari zake zimefungwa kwa meli hizo mpaka Februari 2022. Binamu yangu wa Minnesota alikuwa amekata Alaska ya kiangazi hiki. Nilimpigia Februari hiyohiyo nikamwambia asiguse kitu. Kampuni ikafuta, fedha yake imerudi kwenye kadi.

Kuhusu chanjo, P&O wameshasema safari zao za kiangazi hiki cha 2021 ni za waliochanjwa, kwa hiyo wazee wamalizie dozi zao hata kama meli ingekuwa ya kwenda Brighton tu. Na hizo za kuzunguka Uingereza zina uzuri wake mmoja mkubwa kwa wazee wenye pasi zetu za kusafiria: huombi viza ya Schengen.

Ijumaa fanya hivi. Simu usipokee. Mtumie barua pepe fupi: "Sijaomba safari hii ifutwe. Naomba mawasiliano yote yawe kwa maandishi." Tunza nakala. Kisha piga kampuni ya meli uulize mambo mawili tu, kama safari bado ipo kwenye ratiba yao na kama tarehe ya salio inasogezwa, uandike jina la aliyekujibu na saa. Wakala akijibu, bandika jibu lake hapa ukiwa umefuta majina na namba ya tiketi. Mimi niko macho mpaka saa sita usiku, nitalisoma mstari kwa mstari kabla hujamjibu.