Muulize Tabibu: Viungo vinawaka, moyo umezima

SWALI: Shikamoo tabibu. Nina miaka 46, naanika dagaa Kibirizi, Kigoma. Huu mwaka wa tatu nina baridi yabisi. Asubuhi vidole vinakakamaa mpaka saa nne, kugeuza dagaa kwenye chanja siwezi. Hilo nimelizoea. Kinachonishinda ni kwamba tangu mwaka jana sina hamu ya kitu. Giza la mwezi likiingia na dagaa wakaja tele, wenzangu wanakimbilia mitumbwi, mimi nimelala nimeelekea ukutani. Wifi yangu anasema nimetupiwa kitu. Kijana wangu wa chuo anasema hii ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu, na inaletwa na mchochota, yaani kinga kuwasha moto wa uvimbe na maumivu mwilini, kwa hiyo nimeze diklofenaki kila siku, vyote viwili vitapona. Nimeze?
Mama wa Chanja

JIBU: Marahaba, mama. Usimeze. Nimeanza na hilo usije ukanitangulia duka la dawa. Ila kijana wako hajakosea yote.

Kumbuka malaria ilivyowahi kukushika. Unatoka na kanga yako, unajikunyata juani, chakula kichungu, mtoto akikuita unatamani kulia. Tunamlaumu mdudu, lakini sehemu kubwa ya hali ile huletwa na kinga yako mwenyewe. Seli zake hutoa vijumbe viitwavyo saitokini, na habari zake hufika hadi kwenye ubongo: lala, usile, kaa mbali na watu. Kwa siku nne ni amri ya busara, na homa ikishuka inafutwa. Kwenye baridi yabisi kinga inashambulia viungo vyako mwaka hadi mwaka, na amri ile inaweza kubaki palepale. Hiyo ni sababu mojawapo ya wagonjwa wa baridi yabisi kupata sonona kuliko watu wengine. Si uvivu, mama.

Kuna jaribio la Marekani lililotolewa mwaka 2001 ambalo sijalisahau. Wagonjwa wa saratani ya ngozi walikuwa wakichomwa interferoni, ambayo nayo ni saitokini. Kundi moja lilitangulizwa dawa ya sonona, jingine likapewa vidonge visivyo na dawa. Katika kundi la pili 9 kati ya 20 waliingia kwenye sonona kali. Katika la kwanza ni 2 kati ya 18. Yaani saitokini inaweza kuleta sonona, na dawa ya sonona inaweza kuizuia.

Sasa ninapomkatalia kijana wako. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, walitoa majibu ya jaribio la infliksimabu, dawa kali ya baridi yabisi inayozima mchochota na kutolewa kwa dripu, kwa watu 60 wenye sonona sugu. Kwa ujumla haikuishinda dripu tupu, isiyo na dawa. Waliokuwa na mchochota mwingi kwenye damu (kipimo cha CRP zaidi ya 5) walielekea kunufaika. Wenye kiwango cha chini walifanya vizuri zaidi kwa dripu tupu! Na wagonjwa wa sonona ambao CRP yao inazidi 3 ni kama robo tu. Mchochota ni mlango mmoja; nyumba ina milango mingi.

Diklofenaki yenyewe hutuliza maumivu, haizimi ugonjwa unaokula viungo. Ukiizoea inaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha, kuchosha figo. Nimewahi kupokea mama wa rika lako akitapika damu, na kwenye pochi yake mlikuwa na karatasi tatu za vidonge hivyo. Ikichanganywa na dawa ya sonona kama fluoksetini, hatari ya kutokwa damu inaongezeka.

Nenda hospitali, na usiishie kuonyesha vidole. Sema na hili la kulala umeelekea ukutani, kwa maneno hayohayo. Sonona itibiwe sasa, isingoje viungo vipone. Kama umekuwa ukinunua prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza mchochota, itaje, maana nayo inaweza kuvuruga hisia na usingizi. Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya kuzuia baridi yabisi yenyewe, ni mara moja kwa wiki, si kila siku. Wanaokosea hapo huumia vibaya. Na wazo la kujidhuru likikujia, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo.

Wifi yako sijamsahau. Mwombe akusindikize. Daktari akiuliza unalala saa ngapi na unakula nini, wewe utasema "salama tu". Yeye atasema kweli.