Dozi ya pili ya surua ni ya nani hasa?

SWALI: Daktari, hujambo? Nina msichana wa miezi 17. Alidungwa sindano ya surua na rubella akiwa na miezi 9, na kitabu cha kliniki kinasema arudi akifika miezi 18 kwa sindano ileile. Jirani yangu anashikilia kwamba ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, maana mtoto hakupata hata joto kidogo. Dadangu yuko Uingereza na huko wanangoja mtoto afike mwaka mmoja. Mbona na sisi tusingoje, tudunge mara moja tumalize? Na je, naweza kumpima damu kwanza nione kama ana kinga, badala ya kumdunga bure? Tena ana kaka yake wa miaka 4 ambaye hiyo ya pili hakuipata, kwa sababu tulirudishwa nyumbani tukiambiwa watoto waliokuja hawatoshi kufungua chupa. Bado anaweza kuipata? – Mama Neema, Kayole

JIBU: Sijambo, Mama Neema. Nianze na la jirani. Mtoto kutopata joto si dalili kwamba chanjo iliharibika. Katika watoto 100 wanaodungwa chanjo ya surua kwa mara ya kwanza, wanaopata homa ni kama 5 hadi 15, nayo huja kati ya siku ya 7 na ya 12, wakati mama ameshasahau sindano na analaumu meno. Waliobaki wengi hupata kinga kimyakimya. Lakini jirani ameshika upande mmoja wa ukweli: wapo watoto ambao dozi ya kwanza haiwashiki, hata kama chanjo ilikuwa nzima na nesi alifanya kila kitu sawa. Dozi ya pili iliwekwa kwa ajili ya hao. Haikuwekwa kumwongezea nguvu yule ambaye ya kwanza ilimshika.

Nalisisitiza hili kwa sababu chanjo nyingine hazifanyi kazi hivyo, na watu huziweka zote kapu moja. Ya pepopunda, kwa mfano, ni sumu ya kijidudu iliyozimwa makali. Haizaliani mwilini, kwa hiyo mwili hujifunza kidogokidogo, na kinga hupungua miaka ikipita mpaka ikumbushwe. Chanjo ya surua ni virusi hai vilivyodhoofishwa, vya ukoo uliotokana na mvulana mmoja wa shule aliyekuwa akiugua surua huko Boston mwaka 1954. Vikiingia vinazaliana kwa siku kadhaa, mwili unapambana navyo kama ugonjwa wenyewe ingawa mtoto haugui, na kinga inayobaki kwa kawaida ni ya miaka na miaka. Ile ya ugonjwa wenyewe inajulikana kudumu maisha. Mwaka 1846 daktari wa Kidenmaki, Peter Panum, alitumwa visiwa vya Faroe kulikozuka surua. Akakuta wazee waliougua katika mlipuko wa mwaka 1781 hawakuguswa, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita bila surua kisiwani.

Sasa, kwa nini isimshike kila mtoto? Kwa sababu yako wewe, mama. Katika miezi ya mwisho ya mimba ulimpitishia mtoto kingamwili zako, yaani askari wa damu wanaoshika vijidudu, kupitia kondo la nyuma, zikiwemo za surua. Hizo ndizo zilizomlinda alipokuwa mchanga. Lakini kingamwili hazichagui kati ya virusi vya mtaani na virusi vya chanjo. Chanjo ikiingia wakati bado zimejaa, zinaviwahi virusi kabla havijazaliana, na mwili wa mtoto haupati nafasi ya kujifunza. Zinapungua karibu nusu kila wiki tatu au nne, ila kila mtoto alianza na kiasi chake. Mama aliyewahi kuugua surua huwa nazo nyingi kuliko mama aliyechanjwa tu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupewa chache, kwa sababu nyingi hupita mwishoni mwa mimba. Mama mwenye virusi vya UKIMWI, au aliyepata malaria iliyoingia kwenye kondo, huweza kupitisha chache pia. Ndiyo maana huwezi kumtazama mtoto wa miezi 9 na kusema zimekwisha au la.

Kwa hesabu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, ukichanja watoto 100 wa miezi 9, takriban 85 wanapata kinga. Ukingoja hadi miezi 12, wanakuwa takriban 95. Ukiishia hapo utasema dadako wa Uingereza ana haki, tungoje. Shida ni ile miezi mitatu katikati. Kingamwili zako zinaisha, chanjo bado, na surua iko mtaani. Uingereza mtoto anaweza kupita miezi hiyo bila kukutana na mgonjwa hata mmoja, na hata huko chanjo hurudiwa baadaye. Nairobi ni habari nyingine. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada yake kutoka chumbani. Fikiria ploti ya Kayole yenye vyumba 20, mlango mmoja, ngazi moja.

Miezi 9 haikuletwa na upepo. Miongoni mwa tafiti zilizosaidia dunia kuchagua umri huo ni ule uliofanywa hapahapa Kenya na Wizara ya Afya pamoja na Shirika la Afya Duniani, ukachapishwa mwaka 1977. Walipima watoto wa Kenya wa umri mbalimbali chini ya mwaka mmoja waone chanjo inawashika kuanzia lini. Kwa hiyo dadako akikuuliza, mwambie ratiba hii ina damu ya watoto wa Kenya ndani yake, tena damu ya kupimwa maabara.

Watu waliwahi pia kujaribu kuruka mtego huu kwa nguvu. Katika miaka ya 1980 ilitengenezwa chanjo yenye virusi vingi zaidi kwa dozi, ili ishinde kingamwili za mama mtoto akiwa na miezi 6 tu. Kinga ilipatikana kweli, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa nchi zenye vifo vingi vya surua. Kisha tafiti za Guinea-Bissau, Senegal na Haiti zikaonyesha kwamba wasichana waliopewa dozi hiyo nzito walikufa zaidi baadaye, kwa magonjwa mengine, kuliko waliopewa ya kawaida. Mwaka 1992 pendekezo likafutwa. Nakueleza haya, Mama Neema, ingawa najua kuna mtu atayakata nusu na kuyasambaza WhatsApp. Chanjo ya mtoto wako si ile. Ila ndiyo sababu mtafiti akikuambia "tuongeze tu dozi" unapaswa kumwuliza aliyapima wapi. Dozi ya miezi 6 bado ipo kwa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI na wakati wa mlipuko, lakini ni ya nguvu ya kawaida, nayo haihesabiwi badala ya ile ya miezi 9.

Basi tunabaki na suluhisho la watu wasiojidanganya: dunga miezi 9 uwaokoe wengi mapema, halafu rudia miezi 18 uwapate waliopitwa. Ni kama mwalimu anayeita majina mara ya pili darasani kwa sababu hakuandika nani aliitika mwanzo. Anaita wote, ingawa anawatafuta wachache. Chukua watoto 1,000. Baada ya dozi ya kwanza, 150 hawana kinga. Wote wakirudi, na ya pili ikiwashika 95 katika kila 100, wanabaki 7 au 8. Wakirudi nusu tu, wanabaki karibu 80. Wanaozaliwa mwakani nao wanaacha wengine kama hao, na mwaka unaofuata vivyo hivyo, mpaka mtaa unakuwa na watoto mia kadhaa wasio na kinga, wote na vitabu vyenye muhuri wa dozi moja. Ndiyo maana milipuko huja kila baada ya miaka michache na kina mama wanashangaa, "lakini tulichanja." Kuizuia surua kunataka karibu watu 95 katika kila 100 wawe na kinga, na dozi moja ya miezi 9 haiwezi kufika huko hata tukimdunga kila mtoto wa nchi hii.

Kwa yule ambaye ya kwanza ilimshika, ya pili inafanya nini? Karibu hakuna. Kingamwili zake mwenyewe zinavimaliza virusi vya chanjo haraka, zinapanda kidogo kwa muda, kisha zinarudi karibu zilipokuwa. Ndiyo sababu homa baada ya dozi ya pili ni chache zaidi.

Upande wa pili, kukosa kinga kuna gharama ambayo watu hawaioni, nami ndiyo inayonishughulisha kuliko upele. Virusi vya surua vinapenda kuingia kwenye seli zinazohifadhi kumbukumbu za kinga, na vinaziua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, wa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ulilinganisha damu yao kabla na baada ya kuugua. Walikuwa wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya vijidudu vingine. Yaani mtoto anapona surua kisha anaanza upya kujifunza nimonia na kuhara alivyokwisha kuvijua. Waliochanjwa hawakupoteza kitu.

Kuhusu kupima damu kwanza: sikushauri. Kipimo cha kawaida cha maabara za mjini kinaonyesha kama kuna kingamwili zinazoshika surua, si kama zinaizima, na zikiwa chache kinaweza kuziruka kabisa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kazi ya mikono. Tunachanganya seramu ya mtoto, yaani maji ya damu yanayobaki chembe zikitolewa, iliyopunguzwa nguvu kwa hatua, na virusi hai, tunamwaga juu ya seli zinazokua kwenye kisahani, tunangoja siku kadhaa, tunazipaka rangi, kisha tunahesabu vidoa vyeupe, kila kidoa kikiwa mahali virusi vilipozila seli. Vidoa vikipungua, seramu ina nguvu. Ni kazi ya utafiti, hutaikuta kwenye orodha ya bei ya kliniki. Na tuseme ungeipata: majibu mabaya, adungwe, majibu mazuri, kudungwa hakumdhuru. Umemtoa mtoto damu ya mshipa na kulipia ili ufike palepale, ilhali chanjo kwenye kituo cha serikali ni bure.

Nije kwa ile chupa. Nesi hakuwa na nongwa. Chanjo hii husafirishwa ikiwa unga mkavu, kutoka bohari kuu ya Kitengela hadi vituoni, na kichupa kimoja mara nyingi ni cha dozi 10. Kikishachanganywa na maji yake hakina dawa ya kukihifadhi, kwa sababu dawa hiyo ingeua virusi. Kinakaa kwenye ubaridi, mbali na mwanga, na baada ya saa 6, au kliniki ya siku ikifungwa, kinamwagwa. Mimi bado nasema kituo kinachomrudisha mama kinapoteza mtoto kwa kuokoa dozi 9. Mwongozo wa kimataifa unataka kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Lakini stoki ikiwa haba, nesi ndiye anayebeba lawama zote mbili. Uliza mapema ni siku gani wanafungua ya surua, ufike asubuhi. Kabla hakijachanganywa omba uone alama ya kwenye kifuniko, duara lenye mraba ndani. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Rangi zikilingana, au mraba ukiwa mweusi zaidi, haitumiki.

Kaka yake mpeleke siku hiyohiyo. Miaka 4 hajachelewa, na dozi ya kwanza haifutiki kwa muda kupita. Kinachotakiwa ni wiki 4 au zaidi kati ya dozi mbili. Mafua au joto dogo si sababu ya kuahirisha, ila kama ameongezewa damu miezi ya karibuni, au anatumia dawa za kushusha kinga, mwambie nesi kabla ya sindano. Na kama kitabu chake kimepotea, dozi isiyoandikwa popote haihesabiwi, hata kama unaikumbuka vizuri. Ataanza upya na ya kwanza, kisha ya pili baada ya hizo wiki 4.