Oksijeni 97, damu 7.4: mbona mtoto anahema?

Dada, umeuliza kwa nini mwanao anahema wakati oksijeni yake inasoma 97 ila damu ni 7.4. Kile kifaa cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni, hakihesabu damu. Kinaonyesha tu kwamba damu iliyopo imebeba oksijeni asilimia 97. Mabasi yamejaa, sawa, lakini mabasi yenyewe ni machache. Mabasi hayo ni himoglobini, kitu kinachobeba oksijeni kwenye damu. Kwa mtoto wa miaka 3 inatakiwa kuanzia gramu 11 kwa desilita, kwa hiyo 7.4 ni pungufu sana, ndiyo maana akipanda mawe ya Igogo, hapo Mwanza, anahema.

Kabla ya kukimbilia dawa ya kuongeza damu, apimwe malaria, na choo kiangaliwe safura na kichocho, hasa kama anachezea maji ya ziwani. Usipoziba tundu, ndoo haijai.

Dawa ya madini ya chuma apewe kwa kipimo cha daktari. Choo kitakuwa cheusi, usiogope. Chai ikae mbali na chakula, angalau saa moja, maana inazuia chuma kuingia mwilini. Dagaa na mchicha kamulia ndimu mezani, si jikoni: vitamini C ya ndimu inasaidia chuma kuingia mwilini, ila inaharibika kwa moto.

Akihema amepumzika, viganja vikawa vyeupe, au akilegea, hospitali leo hii, hata kipimo cha oksijeni kikisoma 99.